Marehemu wa Tovuti ya Herbert

Siku Lukresia Tluway alipopata habari kwamba amekufa, alikuwa ameshiba makande na ana afya kuliko nusu ya watu wa Karatu mjini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ofisini kwa Evelyn, yule dada wa Arusha anayewatengenezea watu wa utalii tovuti zao, na alikuwa amekwenda pale kwa shida nyingine kabisa. Wageni walikuwa wamekata mguu nyumbani kwake. Nyumba aliyoisimamisha mwenyewe pembeni ya mji, vyumba vyake visafi, jiko lake ambalo Wazungu walikuwa wakiligombania ili wafundishwe kusonga ugali, vyote vilikuwa vimekaa kimya.

"Mama, hebu tuanze na tovuti yako," Evelyn alisema.

Ikafunguka kwa kujivuta. Jamani, Lukresia hakuwa ameiangalia tangu siku aliyotengenezewa na fundi mmoja wa duka la kutoa kopi. Herufi nyekundu juu ya kijani kibichi, maneno yanawakawaka, namba ya simu ya laini aliyoipoteza zamani, na katikati ya yote hayo mnyama mkubwa mwenye michirizi anakenua meno.

"Na huyu?" Evelyn akauliza.

"Si chui huyo?"

"Mama, huyu ni chui milia. Kwao India. Ngorongoro nzima humpati hata ukilala kule mwaka."

Lukresia alitamani ardhi ipasuke. Evelyn ni binti mwenye adabu, hakucheka, ila alimweleza bila kumficha. Mgeni aliye Ulaya hakujui, hajanusa jikoni kwako, hajaona unavyomkumbatia mtu mlangoni. Anakuona kupitia ukurasa huu tu. Akikuta rangi zinamchoma macho, simu haipokelewi, na mnyama wa India, anasema huyu tapeli, anafunga, anakwenda kwa mwingine. Wala hatakwambia kwamba amekwenda.

"Sasa nikuonyeshe tovuti ambayo wageni wanaiamini," Evelyn akasema. "Kwa hapa Karatu ndiyo inayoongoza. Ya yule Herbert mwenye kambi ya mahema, njia ya kupanda kwenda lango la Ngorongoro."

Kusikia jina la Herbert, Lukresia alisonya. Alikuwa anamjua Herbert kuliko mama yake mzazi alivyomjua. Alikuja kutoka Rombo na begi moja, hajui pa kulala, Lukresia akampa chumba, akampa kazi ya kuwatembeza wageni mpaka mashamba ya Endabash alikozaliwa yeye, akamtambulisha kwa wafugaji wa Nainokanoka, akamfundisha na Kiiraqw cha kuombea maji. Alikula mezani kwake na kumwita mama. Kisha siku moja akaaga kwamba anakwenda kwao kwenye msiba, akaishia kufungua kambi yake, na wageni wa zamani wa Lukresia wakaanza kushukia kwake. Hilo Lukresia alikuwa amelimeza. Alijiambia watu wazima huachana, kila mtu na riziki yake.

Basi Evelyn akafungua. Ukurasa mweupe, umetulia, herufi chache zenye kusomeka, kale kakufuli kadogo juu kanakomwambia mgeni asiogope. Na katikati, peke yake, picha moja kubwa. Mwanamke wa makamo amesimama mlangoni mwa jiko, kitenge cha njano, kilemba, mwiko mkononi, anacheka mpaka macho yamefumba.

"Mbona ni mimi!" Lukresia akasema, akainuka kwenye kiti.

Evelyn akasogea karibu na kioo. Alikuwa anasoma yale maneno ya Kiingereza chini ya picha, na midomo yake ilikuwa imeacha kutikisika.

"Soma kwa sauti, mwanangu."

"Mama, afadhali..."

"Nimesema soma!"

Evelyn akatafsiri kwa sauti ndogo. Imeandikwa kwamba huyu ni hayati Mama Lukresia, mwanzilishi wa kampuni yetu. Kwamba sisi wanawe tunaendeleza kazi aliyoipenda. Kwamba kila mgeni anayelala kwetu analala chini ya baraka zake. Na chini yake wageni wameandika, wengine kutoka nchi ambazo Lukresia hajawahi kuzisikia: pumzika kwa amani, mama, hatukukutana lakini tumelia, tumechagua kampuni hii kwa sababu yako.

Mtu mwingine angelia. Lukresia alikaa chini, akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akauliza kama huyo marehemu ameandikiwa na ugonjwa. Evelyn akasema hapana, ugonjwa haukutajwa.

"Angalau hapo amenistahi," Lukresia akasema. Akaikalia mikono yake, isije ikavunja kitu cha watu.

Evelyn alitaka kumpigia Herbert palepale amwambie aifute. Lukresia akamkataza kabisa. Hakutaka Herbert ajue kwamba yeye anajua. "Wewe nitengenezee ya kwangu kwanza," akasema. "Nyeupe hivyohivyo. Toa huyo mnyama wa India, weka uso wangu. Tuone nani atabaki na wageni."

Evelyn akafanya kazi nzuri. Alimpiga picha akiwa jikoni, akiwa shambani, akiwa barazani na majirani wanamcheka kwa kujifanya staa. Aliandika jina lake, jinsi ya kufika, namba inayopatikana, na maneno machache yasiyo na majigambo. Lukresia alipoiona alijipenda. Kwa siku kadhaa alitembea na simu mkononi kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Ujumbe wa kwanza ulipoingia alikimbia nao mpaka ofisini kwa Evelyn, hata viatu amevaa vya bafuni. Evelyn akausoma, akamtazama, akausoma tena.

Ulitoka kwa mtu wa Ubelgiji. Ulisema: hamna haya, nyie wezi. Huyo mama ni marehemu, sisi tunaijua kampuni ya wanawe. Iondoeni picha yake, mwacheni apumzike.

Wakaja wengine. Mmoja aliandika kwamba ameshatoa taarifa ili tovuti ya matapeli ifungwe. Mwingine aliuliza kama huko Afrika hakuna sheria ya kulinda wafu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza chumba. Evelyn akajibu kwa heshima kwamba mama yu hai, huyu hapa, na kila alivyojibu ndivyo walivyozidi kukasirika. Na wangekosaje? Walikuwa na kurasa mbili mbele yao, moja waliyoizoea, waliyoilia, iliyojaa majina ya watu kama wao, nyingine imeibuka juzi. Katika macho yao Herbert ndiye alikuwa mkweli na Lukresia ndiye alikuwa amemwiba Lukresia.

Hapo ndipo hasira ilipompanda hasa. Kunyang'anywa wageni alikuwa amevumilia. Lakini kuitwa mwizi wa uso wake mwenyewe! Uso ambao alizaliwa nao Endabash, uso ambao Mungu na mama yake tu ndio wenye haki nao! Alikuwa akikata vitunguu jikoni anaongea peke yake. Jumapili kanisani Padri alihubiri habari ya kusamehe, na Lukresia akainamisha kichwa vizuri, akamwambia Mungu moyoni kwamba amesikia, ila hili la Herbert amwachie kidogo alishughulikie yeye.

"Sasa mama tumwambie afute," Evelyn alimsihi. "Nitamwandikia barua kali."

"Akifuta, hao waliosoma wataambiwa na nani? Watakuta ukurasa hakuna, watabaki na walilolijua. Nitabaki marehemu mpaka mwisho wa dunia." Lukresia alikuwa ameliwaza jambo hili akiwa usingizini na akiwa macho. "Aliyenizika ni yeye, kwa mdomo wake. Atanitoa kwa mdomo wake, na palepale aliponizikia."

Nafasi ikajileta yenyewe, na aliyeileta ni Herbert. Kwenye ukurasa wake alitangaza kwamba kambi itapanda mti wa kumbukumbu ya Mama Lukresia, na kwamba kundi la wageni kutoka Uholanzi linakuja kwa ajili hiyo, likiongozwa na Greta, rafiki wa zamani wa marehemu. Lukresia akamkumbuka Greta mara moja. Yule mrefu, mwepesi wa kulia na kucheka, aliyelala kwake mara mbili na kujifunza Kiswahili jikoni kwake. Maskini, alikuwa anakuja kumlilia.

Siku ya mti Lukresia alioga, akajipaka mafuta, akatoa kabatini kile kitenge cha njano na kilemba chake. Mwiko hakuuchukua, ingawa alitamani. Evelyn alikuja na gari la kukodi, akamkuta amesimama barabarani tayari, anang'aa.

"Mama, unakwenda harusini?"

"Nakwenda kwenye mazishi yangu, unataka niende na matope?"

Walifika ukungu umeshuka mpaka kwenye mahema. Wageni walikuwa wamesimama nusu duara na maua, na kwenye meza palikuwa na ile picha, imefungwa utepe mweusi, na mshumaa mbele yake. Herbert alikuwa amevaa suti. Alikuwa anaongea Kiingereza kwa sauti ya kanisani, na Greta alikuwa na kitambaa machoni. Pembeni, nyuma ya meza asipoiona ile picha, Olais, mfugaji wa Nainokanoka anayewatembeza wageni wa kambi, alikuwa anamalizia kuchimba shimo. Herbert alikuwa ameigeukia picha, na wageni nao walikuwa wamewapa mgongo Lukresia na Evelyn.

"Anasema nini?" Lukresia akanong'ona.

"Anasema maneno ya mwisho uliyomwambia kitandani, ukiwa umemshika mkono."

"Nilimwambia nini?"

"Kwamba awatunze wageni wako."

"Muongo mkubwa we!" Lukresia akasema, na hapo hakunong'ona.

Wakageuka wote. Olais ndiye aliyemwona kwanza, akatupa jembe, akaja mbio anacheka. "Yeyo!" akamwita mama kwa Kimaasai. "Na wewe umekuja kumzika mama yake Herbert? Pole, ametuambia mama yake kafia Rombo!"

Evelyn hakungoja kuombwa. Aliyatafsiri maneno hayo neno kwa neno, kwa sauti ya kutosha.

 Wageni wakatazama picha, wakamtazama mwanamke, kitenge kilekile, kilemba kilekile. Mmoja akazima mshumaa, sijui kwa nini. Herbert rangi ilimtoka, lakini mtu wa biashara ni mtu wa biashara, akajikaza, akatabasamu, akawaambia wageni kwa Kiingereza chepesi ambacho hata Lukresia alikielewa: huyu ni mdogo wake marehemu. Wanafanana sana. Ana majonzi, tumhurumie.

Ebo! Kumbe mtu akishaanza kuzika watu hachoki. Lukresia akakaza mwendo. Alimpita kama nguzo, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Greta, akamshika mkono wa kushoto, akaukunjua.

"Kidole chako kilipona?" akamwuliza kwa Kiswahili. "Siku ile ulikata kitunguu ukakata na kidole. Nikakufunga na kipande cha khanga, ukasema hutaki dawa, unataka chai. Nikakwambia Mholanzi hafai kupewa kisu."

Greta alitazama kidole chake. Kovu lilikuwa pale. Akapiga ukelele, maua yakaanguka, akamrukia Lukresia shingoni akilia kwa sauti, anamgusa mashavu, anamgusa kilemba, anasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Wewe moto! Mama, wewe moto!" Alitaka kusema kwamba ana joto, kwamba yu hai. Olais akasema kweli, yeyo ni moto, na leo utaunguza mtu.

"Herbert," Lukresia akaita. "Njoo hapa."

Akaja. Alikuwa mtu mzima mwenye kambi yake na suti yake, lakini alikuja.

"Waambie, mimi nimekufa lini?"

"Mama, naomba tuongee pembeni."

"Pembeni hukunizikia. Ongea."

Herbert akajifuta uso. Akasema ni kosa la tafsiri, anaapa. Tovuti ilitengenezwa Dar. Yeye aliandika kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwa heshima, kwamba Mama Lukresia ndiye aliyetutangulia katika kazi hii. Kwa maana ndiye aliyeanza kabla yetu. Mtaalamu wa Dar alivyoona "aliyetutangulia" akajua ni msiba, akaandika hayati. "Si neno hilohilo, mama? Mtu akifariki si tunasema ametutangulia? Hata wewe ungeweza kukosea!"

Olais akaguna. Hata Evelyn, aliyekuwa anatafsiri, alisita, maana kosa lenyewe lilikuwa la kweli na lilitaka kumchekesha. Lukresia naye akalitafakari. Alikuwa mtu wa haki, hata akiwa na hasira.

"Sawa," akasema. "Hilo nakubali. Kiswahili kimekuponza. Sasa niambie, ulijua lini?"

Herbert akafungua kifungo cha suti.

"Nakuuliza. Kiingereza unakisoma. Wageni wanakuandikia pole, unawajibu asante. Ulijua lini kwamba umeniua?"

"Wiki ileile," Herbert akasema.

"Na hukufuta."

"Nilitaka kufuta, mama. Mungu ni shahidi." Akaitupia jicho ile picha. "Lakini wageni walianza kulia. Na wakilia, wanakuja. Kabla ya hapo walikuwa wanaangalia tovuti wanapita. Walipoona mama amekufa ndipo walipotuamini."

Evelyn akaisema na hiyo kwa Kiingereza. Mgeni mmoja mzee akaweka maua yake chini polepole, akaenda kusimama upande wa Lukresia. Wengine wakamfuata, na Herbert akabaki peke yake na ile meza. Akaona mambo yameharibika, akatoa simu mfukoni haraka. "Nafuta sasa hivi, mama. Tazama, nafuta yote, hata leo haiishi."

"Thubutu!" Lukresia akamkemea, na mkono wa Herbert ukaganda. "Ufute, kisha mimi nibaki naitwa mwizi wa sura yangu? Watu wananitukana kutoka Ubelgiji kwa ajili yako! Hufuti kitu. Utasimama hapo kando ya shimo lako, na Evelyn atakupiga video, na utasema kwa Kiingereza walichonililia. Mama Lukresia yu hai. Nilijua kwamba yu hai. Nikanyamaza kwa sababu kifo chake kilinivutia wageni. Kisha itakaa juu kabisa ya ukurasa wako, mahali pa picha yangu. Usibadilishe rangi, usibadilishe herufi. Iwe nzuri hivyohivyo, waiamini."

"Mama, utaniua." Alikuwa anasema kweli, na hakuna aliyekuwa pale asiyejua. Nani angelala tena kwenye mahema ya mtu aliyesema maneno hayo kwa mdomo wake? Alimgeukia Greta kuomba msaada. Greta akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, ili asikosee hata neno moja, kwamba asiposema yeye, watasema wao, kila mmoja kwa jina lake, kila mahali.

Basi Herbert akasema. Mara ya kwanza alimung'unya, Lukresia akamwamuru arudie. Mara ya pili alisahau "nilijua", akarudishwa. Mara ya tatu alisema yote, ukungu unampita usoni, na utepe mweusi wa ile picha unapepea nyuma yake. Evelyn akaomba namba ya siri ya tovuti, Herbert akaitamka kama mtu anayetapika, na Evelyn akakaa palepale kwenye ngazi ya hema, akaiweka ile video.

"Ikae mpaka lini?" Herbert akauliza.

"Mpaka nife kweli," Lukresia akasema. "Na siku hiyo watoto wa ndugu zangu watakupigia simu, usiwe na wasiwasi."

Alifurahi, tusimsingizie utakatifu. Moyo wake ulikuwa mweupe pee, alijihisi mwepesi kuliko alivyokuwa siku zote tangu siku ile ofisini kwa Evelyn. Wageni walikuwa wanakwenda kutoa mabegi yao kwenye mahema, wanamwuliza kama nyumbani kwake pana nafasi, na Greta ameshamng'ang'ania mkono hataki kuuachia. Lukresia akakaza kitenge chake, akaelekea kwenye gari.

Herbert akamkimbilia, akajikwaa kwenye udongo wa shimo, akainuka. Suti ilikuwa na udongo magotini, na machozi sasa yalikuwa yake ya kweli. Alisimama mbele yake njiani, mbele ya Olais na wageni wote, akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi enzi zile anakula mezani kwake.

"Mama," akasema, "shikamoo."

Katika nchi hii mtu mzima haachi shikamoo ining'inie. Hata mgomvi wako unamwitikia, kisha ndipo mgombane. Herbert alijua hivyo, na ndiyo maana aliitoa. Alikuwa anaomba neno moja tu, na mlango ungekuwa umefunguka.

Lukresia akamtazama kuanzia viatu mpaka utosini. Akaona namna alivyokonda shingo kwa hofu, akaona na yule mtu wa begi moja aliyempa chumba, na alihisi neno limefika kwenye ulimi. Akalirudisha.

"Evelyn," akasema, bila kumtazama binti huyo, "mweleze huyu bwana. Maiti haitikii."

Akampita, akaingia kwenye gari, akafunga mlango.